Muulize Sista: Mtoto ameanza tena kukojoa kitandani

Barua za mwezi huu nimezikusanya pamoja, maana kila niliyoifungua iliniishia kwenye kipimo kilekile cha tone la damu, cha kutafuta kisukari kwa watoto. Ya kwanza ni ndefu, lakini nimeiacha kama ilivyo.

*Shikamoo Sista. Mwanangu wa kiume ana miaka saba, yuko darasa la pili. Aliacha kukojoa kitandani kabla hata ya chekechea, lakini hii ni wiki ya tatu amerudia, tena usiku mmoja anaweza kulowanisha mara mbili. Nimemchapa. Nimemnyima maji ya jioni, lakini nikiamka usiku namkuta amechutama kwenye ndoo anakunywa kwa kikombe cha kuogea. Zahanati ya kwanza walisema UTI, wakampa dawa za siku tano. Ya pili wakasema ni taifodi. Mama mkwe anasema ni minyoo, kwa vile anakula kuliko baba yake na bado anakonda. Tangu juzi analia tumbo na leo ametapika. Nifanyeje? Mama wa Pasua, Moshi.*

Marahaba, mwanangu. Wasomaji wajue kwamba jibu hili halikusubiri gazeti litoke. Mhariri aliponisomea ujumbe kwenye simu nilimwomba namba ya mama huyu nikampigia palepale. Nilimuuliza jambo ambalo hakuulizwa kote alikopita: mkojo wa mtoto unakusanya sisimizi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema wamejaa kwenye nailoni anayomtandikia juu ya godoro, na kwamba kila asubuhi anawamwagia mafuta ya taa.

Nikamwambia apande bodaboda aende kwenye kituo chenye maabara, na akifika asiseme tu "mtoto anaumwa tumbo". Aseme hivi: "Naomba mtoto apimwe sukari sasa hivi." Akaniuliza kama si afadhali kusubiri asubuhi, mtoto apimwe akiwa hajala. Hapana. Habari ya kupima kabla ya kula ni ya mtu mzima asiye na haraka. Mtoto mwenye kiu, mkojo mwingi na kukonda hupimwa saa yoyote, awe amekula pilau au ameshinda njaa. Jioni alinitumia picha ya majibu: sukari 26.4, namba ya juu mno, na ketoni, ambazo nitazieleza punde, alama tatu kwenye mkojo. Akapewa rufaa usiku uleule, akalazwa. Sasa mtoto yuko nyumbani na insulini yake, na mama ameniruhusu niyaandike haya.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, lina chembe zinazotengeneza insulini. Kwa watoto wenye kisukari cha namna hii kinga ya mwili inazigeukia chembe hizo na kuzimaliza. Bila insulini, sukari inabaki kwenye damu na haiingii mahali inapotakiwa kufanya kazi. Ikipita kiasi cha kama 10 kwenye kipimo chetu cha mmol/L, figo hazimudu tena kuirudisha yote, inaanza kumwagika na mkojo, na inavuta maji kwenda nayo. Ndiyo maana mtoto analowanisha kitanda, na ndiyo maana anafuata ndoo usiku. Kumnyima maji hakupunguzi mkojo huo, kunamkausha tu. Na yule anayekula sana huku akikonda, mwili wake una njaa katikati ya shibe, unaanza kuyeyusha mafuta na misuli yake.

Hayo mafuta yakiyeyushwa kwa wingi ndiyo yanayotoa ketoni, na ketoni zikijaa damu inakuwa na asidi. Hapo ndipo tumbo linauma na kutapika kunaanza. Halafu mtoto anaanza kupumua haraka na kwa kina, pumzi zikinukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, na mwisho anasinzia asiamshike. Kutoka kutapika hadi kuzimia zinaweza kuwa ni saa chache tu. Kwa hiyo, wewe mama mwingine unayesoma hapa ukiwa na mtoto mwenye kiu na mkojo mwingi ambaye leo ameanza kutapika, gazeti liweke chini uende.

Dalili nyingine mnaziona nyumbani kabla ya sisi. Kaptura ya shule iliyomkaa vizuri muhula uliopita sasa inashikwa na mkanda. Mtoto aliyekuwa hashikiki kwenye mpira anakaa pembeni. Binti mdogo anawashwa na fangasi sehemu za siri, anapakwa dawa, wanarudi. Kwa mtoto wa nepi ni vigumu zaidi, maana nani anahesabu mkojo wa mtoto mchanga? Lakini mama anajua nepi zikiwa nzito kuliko kawaida, na anajua mtoto anayelilia maji hata baada ya kunyonya. Sisimizi nao ni ishara nzuri wakiwepo; wasipokuwepo usijifariji.

*Heshima yako Sista. Mimi ni tabibu kwenye zahanati maeneo ya Usa River. Naona watoto wengi kwa siku, homa, kikohozi na kuhara. Stripi za sukari tunazoletewa ni kwa ajili ya kliniki ya wazee ya Jumanne, na zikiisha zimeisha. Nimesikia ukisema kwenye semina kwamba watoto wapimwe sukari. Tutapima wangapi, na kwa stripi zipi? Mtoto wa kisukari mimi nimemwona labda mara moja tangu nianze kazi.*

Umemwona mara moja ukamtambua. Wengine huenda walipita mezani kwako wakiwa na jina la ugonjwa mwingine, na sikulaumu, kwa sababu hata mwongozo tunaoutumia kwa watoto wagonjwa unatuelekeza kwenye kikohozi, kuhara, homa, masikio na lishe. Kiu na mkojo havina mahali pake. Usipouliza mwenyewe, karatasi haitakuuliza.

Na sisi huku Kaskazini tuna mazoea yetu. Kati ya 2007 na 2008 walichunguzwa wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa na homa hapa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vya uhakika viliporudi, wenye malaria kweli hawakufika hata wawili katika kila mia. Utafiti huo haukuwa wa kisukari, lakini nautaja kila nikikutana na matabibu, kwa sababu unaonyesha jinsi mkono unavyoandika wenyewe jina uliloliandika jana. Mtoto akifika amelegea, anatapika, anapumua haraka, kuna majina matatu yako tayari kwenye kalamu: malaria, nimonia, tumbo la kuhara. Sukari ni jina la nne, na jina la nne halifikiwi foleni ikiwa ndefu.

Sisemi upime kila mtoto. Anza na swali, ambalo halina stripi: "Anakojoaje? Usiku anaamka kunywa maji?" Muulize mama wa kila mtoto mgonjwa, hata aliyekuja na kikohozi. Akisema ndiyo, toa mashine.

Kisha wapo ambao utawapima hata kama mama hana la kusema. Yupo mtoto anayepumua haraka na kwa kina, umeweka kipimo kifuani, kifua ni kisafi, homa hana. Kabla hujaandika nimonia, choma kidole. Yupo anayetapika, ngozi imekauka, macho yameingia ndani, lakini mama anasema bado anakojoa vizuri tu. Hebu simama hapo. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara mkojo wake unakata. Huyu anakauka huku anamwaga maji, na hilo halielezeki kwa kuhara, hasa kama choo chake ni cha kawaida. Na yupo aliyelegea au hajitambui. Huyo apimwe sukari hata bila mjadala, kwa sababu ikiwa ya chini nayo inaua, tena haraka. Ukijumlisha hao wote kwa mwezi utaona stripi unazohitaji si nyingi. Unahitaji chupa moja ya stripi ikae chumba cha watoto, na mashine ikae nayo. Naijua zahanati moja, siitaji, ambayo mashine ilikuwepo nzima na stripi zake, imefungiwa kabatini, ufunguo uko kwa nesi wa kliniki ya wazee, na nesi yuko likizo. Mtoto akasafirishwa na barua ya rufaa imeandikwa malaria kali. Huko alikopelekwa ndiko alikochomwa kidole.

Stripi zikiisha kabisa, tazama vijiti vyako vya mkojo. Kijiti kilekile unachochovya kutafuta UTI, kama ni cha vipimo vingi, kina mraba wa sukari na mraba wa ketoni. Tunasoma mraba wa seli nyeupe tunatupa kijiti kwenye ndoo! Yule mtoto wa Pasua aliandikiwa UTI. Kama kijiti kilichovywa kwenye mkojo wake, sukari ilikuwa palepale inajionyesha kwa rangi. Soma mraba wote, na uheshimu muda ulioandikwa kwenye chupa, maana rangi inaendelea kubadilika ukichelewa.

Sasa mambo ya mkononi. Mwoshe mtoto kidole kwa maji na sabuni umkaushe vizuri. Spiriti si lazima, na maji lazima yakauke. Mtoto aliyekuwa anakula embe kwenye benchi, ukimchoma bila kumwosha, utapata namba ya kutisha isiyo yake. Osha, pima tena. Mashine ikiandika HI haijakusalimia wala haijaharibika. Kwa mashine nyingi maana yake sukari imepita 33.3 na haiwezi kuhesabu zaidi. Nimewahi kusimulia hili watu wakacheka, kisha nesi mmoja akasema kimya kimya kwamba kwao waliirudisha mashine stoo kwa sababu "ilikuwa inaandika herufi".

Mtoto mwenye dalili na sukari ya 11.1 au zaidi, mchukulie ni kisukari na umpe rufaa leo. Usimwambie arudi kesho bila kula, wala usimwanzishie vidonge vya sukari vya wazee, kwa kuwa havimfai. Na tafadhali, lile dripu la glukosi tunalolitundika kwa kila aliyelegea "apate nguvu", kwa huyu usilitundike kabla hujapima. Kadhalika ile glukosi ya unga ya kukoroga kwenye maji, ambayo akina mama wananunua dukani njiani. Akiwa ametapika na amekauka, tundika dripu la chumvi kwa kadiri ya uzito na mwongozo wenu, bila kumjaza maji kwa kishindo, kwa sababu ubongo wa mtoto wa namna hii unaweza kuvimba. Insulini usikimbilie kuidunga kabla maji hayajaanza. Kama huna uwezo wa dripu na mtoto anajitambua, ORS kidogokidogo hadi gari lifike. Asiyejitambua usimwekee kitu mdomoni. Andika kwenye barua ya rufaa namba uliyoiona na saa uliyoiona, kisha upige simu mbele. Wakijua kinachokuja hawamweki tena kwenye foleni ya homa.

*Sista, mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Sakina, Arusha. Nina binti anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kila kipindi, wakati mwingine mara mbili. Wenzake wanamcheka, na mimi nilidhani ni utoro. Siku hizi anasinzia darasani. Je, nimwite mzazi?*

Mwite leo, mwalimu, na usimwite kuja kusuluhisha utovu wa nidhamu. Mwambie ulichokiona: anaomba ruhusa mara ngapi, anakunywa maji bombani mara ngapi, tangu lini. Mzazi akienda hospitali na maneno yako, "mwalimu amesema", anasikilizwa kuliko akienda na hisia zake. Ndivyo tulivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mji wa Parma huko Italia walibandika bango shuleni na kwa madaktari wa watoto, linamwonyesha mtoto aliyelowanisha kitanda, na kuuliza kuhusu kiu na mkojo. Madaktari wakapewa na vifaa vya kupimia. Baada ya miaka kadhaa watoto waliokuwa wakigunduliwa wakiwa tayari wamejaa asidi walipungua mno. Bango lenyewe halikuwa na maneno mengi. Ukuta wa ofisi ya walimu nafasi ipo.

Hadi majibu yatakapotoka, binti aende chooni kila anapoomba, na maji anywe. Fimbo iweke mbali.

*Sista mwanangu, mimi ni bibi, niko Kibosho. Mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja amegunduliwa kisukari, anachomwa sindano kila siku. Mama yake ananilaumu kwamba mimi ndiye niliyemzoesha chai ya sukari nyingi na soda za Jumapili baada ya kanisa. Na jirani anasema kuna dawa ya miti shamba, sindano ziachwe maana mtoto atazizoea. Sasa hivi kipimo cha sindano kimepunguzwa na daktari, naona kama anapona.*

Shikamoo bibi. Hukumwambukiza na hukumlisha ugonjwa. Kisukari hiki cha watoto, aina ya kwanza, hakiletwi na chai wala soda, na hakiambukizi, hata akilala kitanda kimoja na wadogo zake. Mama yake amwombe bibi radhi, nami nasema hivi nikijua anasoma. Soda tutaipunguza kwa sababu sasa sukari yake inahitaji mpango, lakini mtori wako ale, ndizi ale, kwa kiasi alichopangiwa na sindano yake.

Kuhusu kupona nitasema wazi, bibi, maana hapa ndipo watoto wanapotuponyoka. Baada ya kuanza insulini, watoto wengi hupata kipindi ambacho kongosho, lililobakiwa na chembe chache, linajikongoja na kutoa insulini kidogo. Kipimo cha sindano kinashuka, mtoto ananenepa, nyumba inafurahi. Kipindi hicho kinaisha. Anayepunguza kipimo ni daktari, na kupunguza si kuacha.

Watu wa Arusha mnakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba kilichosemekana kuponya hata kisukari. Mtu mzima mwenye kisukari cha ukubwani akiacha vidonge anaweza kukaa miezi akidhani amepona. Mtoto huyu akiacha insulini hapewi miezi. Zamani, kabla insulini haijapatikana, mtoto wa namna hii alifariki, na hakukuwa na tajiri wala maskini. Wa kwanza kudungwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Kanada, Januari 1922. Alikuwa amebaki mifupa. Akaishi miaka 13 zaidi, kwa insulini ile ya mwanzo isiyo safi kama ya leo. Kwa hiyo mjukuu "hazoei" sindano kwa ubaya; mwili wake unadai kitu ambacho haukitengenezi tena.

Kama hamna friji, chupa anayoitumia inakaa vizuri mahali pa baridi, pasipo jua, kwa muda wa wiki nne hivi. Wengine huiweka ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, na kwa baridi ya Kibosho hilo linatosha. Isikae juu ya jiko wala kwenye dirisha la jua, na isigande. Chupa za akiba ziombewe friji kwa jirani au zahanati. Na muulize daktari wake kuhusu mpango wa insulini ya bure kwa watoto. Upo mmoja unaoitwa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, na Tanzania imo. KCMC wana kliniki ya watoto wenye kisukari. Mkifika hapo mtakutana na bibi wengine.

*Sista, mimi ni baba wa Njiro. Nina mashine ya sukari ya mama yangu. Naweza kumpima mwanangu mwenyewe nyumbani? Namba ipi ni mbaya?*

Unaweza, kwa sindano mpya, usichangie na ya bibi yake, na stripi isiwe imepita muda. Mwoshe kidole. Ukipata 11.1 au zaidi na ana kiu na mkojo mwingi, nenda hospitali siku hiyo, na mashine nenda nayo. Ukipata kati ya 7 na 11 na dalili zipo, nenda pia, wapime kwa maabara. Ukipata namba ya kawaida lakini bado anaamka usiku kunywa maji na anakonda, pima tena baada ya siku moja au mbili, mara hii saa mbili baada ya chakula cha jioni, na umpeleke hata kama namba ni nzuri, kwa sababu kukonda kwa mtoto kunadai maelezo hata pasipo kisukari. Na kama anatapika au anasinzia, usianze kutafuta betri ya mashine. Washa gari.